Kulima Mwenyewe au Kuagiza: Nchi Yenye Uhaba wa Maji Ichague Njia Ipi?

Meli ya nafaka ya ukubwa wa kati hubeba tani 60,000 hivi za ngano. Ikitia nanga, macho yanaona ngano tu. Lakini kila tani ya ngano hiyo ilikunywa zaidi ya mita za ujazo 1,000 za maji kabla ya kuvunwa, na wastani wa dunia unakaribia 1,800. Kwa hesabu ya chini kabisa, nchi inayoipokea meli hiyo imeepuka kutumia mita za ujazo milioni 60 za maji yake. Hakuna bomba lililotandazwa, hakuna mfereji uliochimbwa, hakuna mkataba wa mto uliotiwa saini.

Mwanajiografia Mwingereza John Anthony Allan ndiye aliyeipa hali hii jina mwanzoni mwa miaka ya 1990: maji pepe, yaani maji yaliyotumika kuzalisha kitu, ambayo husafiri na kitu hicho bila kuonekana. Alikuwa akijiuliza kwa nini Mashariki ya Kati, pamoja na ukavu wake wote, haikuwa imetumbukia katika vita vya maji ambavyo wengi walivitabiri. Jibu alilikuta bandarini. Maji yaliyoingia katika eneo hilo kila mwaka ndani ya chakula yalizidi yale ambayo mto Nile huipelekea Misri kwa ajili ya kilimo. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Maji ya Stockholm mwaka 2008.

Basi nchi yenye uhaba wa maji ina njia mbili kubwa: kulima chakula chake kwa maji yake, au kununua chakula kilicholimwa kwa maji ya wengine. Ipo na ya tatu, ya kwenda kulima katika nchi ya watu, nayo nitaigusa. Ninaandika ulinganisho huu kwa sababu mjadala wenyewe huendeshwa na pande mbili zisizosikilizana. Upande mmoja unasema taifa lisilojilisha haliko huru. Mwingine unasema soko litaleta kila kitu. Wote wanaruka swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linaloamua: maji yanayozungumzwa ni ya aina gani?

Kwanza, aina ya maji

Mtu hunywa lita 2 au 3 kwa siku. Chakula anachokula siku hiyohiyo kimekwisha kutumia lita 2,000 hadi 5,000. Ndiyo maana kuhimizana kufunga bomba vizuri, ingawa ni jambo jema, hakugusi kiini cha uhaba. Kiini kiko shambani: kilimo huchukua takriban asilimia 70 ya maji yote baridi ambayo binadamu huyachota mitoni, maziwani na ardhini.

Mtaalamu wa maji wa Sweden, Malin Falkenmark, alitufundisha kuyatenga maji hayo kwa rangi. Maji ya kijani ni mvua iliyozama kwenye udongo na kunyonywa na mizizi. Maji ya buluu ni yale ya mito, maziwa na visima. Tofauti hii inaonekana ndogo, kumbe inabeba uzito wote wa hoja. Unyevu wa udongo wa shamba hauwezi kuchotwa ukapelekwa hospitali wala mjini. Usipotumiwa na mtama utatumiwa na magugu yaliyoota mahali pake. Maji ya buluu, kinyume chake, yana wagombea wengi: jiji, kiwanda, samaki, mtambo wa umeme, na mto wenyewe unaotakiwa kufika baharini.

Ndani ya maji ya buluu kuna kundi jingine la kuogopa zaidi, maji ya kale yaliyokusanyika kwenye miamba maelfu ya miaka iliyopita, wakati hali ya hewa ilikuwa nyingine. Mvua ya leo hairudishi chochote cha maana humo. Hapo ule msemo wa wahenga kwamba maji yakimwagika hayazoleki si mfano, ni maelezo ya kitaalamu.

Tazama jinsi rangi inavyogeuza hesabu. Mwaka 2002 Mholanzi Arjen Hoekstra alianzisha kipimo kinachoitwa nyayo za maji, na tangu hapo tuna makadirio ya karibu kila bidhaa. Kilo moja ya kahawa iliyokaangwa ina karibu lita 18,900. Fulana ya pamba ina kama lita 2,500. Kwa tarakimu tupu, kahawa ndiyo mharibifu. Lakini karibu maji yote ya kahawa ni mvua ya milimani, ilhali pamba ya fulana inaweza kuwa ilinyweshwa kwa maji ya Amu Darya na Syr Darya, mito miwili iliyokuwa ikilisha Bahari ya Aral. Mwaka 1960 Aral lilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani. Mito ilipoelekezwa kwenye mashamba, hasa ya pamba, ziwa likapoteza karibu asilimia 90 ya maji yake, na bandari za wavuvi zikabaki katikati ya jangwa la chumvi. Lita ya kahawa na lita ya pamba hiyo hazilingani kabisa.

Njia ya kwanza: kulima kwa maji yako

Faida zake hazihitaji mbwembwe. Chakula kiko karibu, fedha za kigeni hazitoki, watu wa vijijini wana kazi, na hakuna serikali ya mbali inayoweza kukufungia mlango. Mahali penye mvua ya kutosha sioni sababu ya kubishana: limeni.

Shida huanza pale nchi inapotaka kujilisha kwa maji isiyokuwa nayo. Mfano unaofaa kusomwa kwa makini ni wa Saudi Arabia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa ruzuku nono zilizolipwa na mafuta, ilichimba visima virefu na kugeuza jangwa kuwa duara za kijani zinazoonekana kutoka angani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa ikivuna zaidi ya tani milioni 4 za ngano kwa mwaka, ikawa hata miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ngano duniani. Yaani nchi isiyo na mto hata mmoja wa kudumu ilikuwa inasafirisha maji. Na yalikuwa yale maji ya kale.

Mwaka 2008 serikali iliamua kupunguza ununuzi wa ngano ya ndani hatua kwa hatua hadi kuumaliza mwaka 2016. Ulikuwa uamuzi wa ujasiri, na ninauheshimu. Lakini maji yaliyookolewa kwenye ngano hayakubaki chini ya ardhi. Mengi yalihamia kwenye alfalfa, majani ya kulishia ng'ombe wa maziwa, ambayo hunywa mwaka mzima na si msimu mmoja. Ikabidi uamuzi wa pili utolewe, wa kubana majani hayo nayo. Anayedhani kwamba kuacha zao moja kunatosha kuokoa mwamba wa maji aanzie hapa kusoma. Bila kikomo cha kiasi kinachopampiwa, maji yataendelea kutoka. Yatabadilisha zao tu.

Wengine husema: basi tuondoe chumvi kwenye maji ya bahari, tulime. Tupige hesabu. Mitambo ya kisasa iliyo nafuu kabisa hutoa mita ya ujazo kwa takriban nusu dola ya Marekani. Tani ya ngano inayohitaji mita 1,000 ingegharimu dola 500 za maji peke yake, kabla ya mbegu, mbolea, trekta na mshahara. Katika miaka ya kawaida tani hiyohiyo hununuliwa sokoni kwa dola 200 hadi 300. Maji ya bahari yaliyosafishwa yanafaa sana kunywa na kuendesha kiwanda, na yanaweza kulipa kwa mboga za bei kubwa chini ya paa. Kwa nafaka, mlango huo umefungwa.

Njia ya pili: kuagiza

Yordani ina maji yanayojirudisha yasiyofika mita za ujazo 100 kwa mtu kwa mwaka. Kipimo cha Falkenmark huhesabu chini ya 1,000 kuwa ni uhaba na chini ya 500 kuwa uhaba mkali kabisa. Kwa nchi kama hiyo kuagiza nafaka si sera ya kuchagua. Ndicho kinachoiwezesha kuwepo. Misri nayo ina mgao wa mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka chini ya mkataba wake na Sudan wa 1959, na watu wake sasa wamezidi milioni 100. Gawanya, utaona kwamba hata Nile nzima ya Misri haitoshi kuwalisha.

Kwa upande wa maji, njia hii mara nyingi hushinda. Ngano iliyoota kwa mvua ya nyanda baridi inachukua nafasi ya ngano ambayo ingepampiwa kutoka chini ya jangwa. Maji ya kijani yanaokoa maji ya buluu. Makadirio ya Mekonnen na Hoekstra kwa miaka ya 1996 hadi 2005 yanaonyesha kwamba biashara ya mazao iliipunguzia dunia matumizi ya mita za ujazo bilioni 369 kila mwaka, kwa sababu mazao mengi yalitoka mahali yanapotumia maji machache kuliko yangetumia kwa mnunuzi.

Upande wa pili wa mizani ni mzito, na wapenzi wa soko huupita haraka mno. Unaponunua maji ya mwenzako huna haki juu yake, una bei tu. Agosti 2010, baada ya ukame na moto, Urusi ilizuia ngano yake isitoke. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilikwamisha meli za Bahari Nyeusi, na Misri, iliyokuwa ikitegemea Urusi na Ukraine kwa sehemu kubwa ya ngano yake ya kuagiza, ikalazimika kusaka wauzaji wengine kwa bei iliyopaa. Julai 2023 India, inayouza nje takriban asilimia 40 ya mchele wote wa biashara ya dunia, ilipiga marufuku kusafirisha mchele mweupe usio wa basmati. Mchele ulikuwepo na maji yake yalikwishatumika. Mlango ndio uliofungwa. Na mkate hauko mbali na siasa: Januari 1977 Wamisri waliingia mitaani kwa sababu ya bei za vyakula, na serikali ikarudi nyuma siku chache baadaye.

Kuna hatari nyingine isiyo na kelele. Nafaka ya bei ya chini kutoka nje inaweza kumvunja mkulima wa ndani anayelima kwa mvua. Hapo nchi haijaokoa maji yoyote, maana mvua yake ya shambani haiwezi kupelekwa kwingine. Imepoteza chakula, kazi na ustadi wa watu. Hili linaniuma kuliko yote katika mjadala huu, kwa kuwa hufanyika kwa jina la kuhifadhi maji. Anayeagiza ili kupumzisha visima anafanya hesabu ya maji. Anayeagiza kisha mashamba ya mvua yakaachwa pori anafanya hesabu nyingine kabisa.

Kulima ng'ambo

Njia ya tatu inaonekana kuunganisha faida za zote mbili: unanunua au kukodi ardhi yenye maji nje, unalima, unapeleka mavuno nyumbani. Baada ya kupanda kwa bei za chakula mwaka 2007 na 2008 nchi nyingi zenye fedha na kiu ziliikimbilia. Kwa mwenye fedha, inapunguza hatari ya soko. Lakini hatari ya siasa inabaki palepale, tena inaongezeka, kwa sababu sasa wenyeji wanakuona ukichota. Kampuni ya Saudi Arabia ilinunua mashamba Arizona, Marekani, mwaka 2014, ikakodi na ardhi ya jimbo, ikalima alfalfa ya kusafirisha kwenda kulisha ng'ombe wa nyumbani. Sehemu hizo za vijijini hazikuwa na kikomo cha kupampu maji ya ardhini, na wakazi wakalalamika. Oktoba 2023 Gavana Katie Hobbs alifuta mkataba mmoja wa kukodi ardhi katika bonde la Butler. Kampuni haikuwa ya kwanza kupampu jangwani. Sheria ilikuwa imewaachia wote. Ila kwa mgeni, uvumilivu huisha mapema.

Nisingeishauri nchi iweke chakula chake cha msingi kwenye njia hii.

Mwuzaji naye anatoa nini?

Ulinganisho mwingi huishia kwa mnunuzi. Hilo ni kosa, kwani mnunuzi anayetegemea kisima kinachokauka cha mtu mwingine hajatatua tatizo lake, amelisogeza.

Mtu angetegemea maji pepe yatoke penye wingi yaelekee penye uhaba. Sivyo mara zote. Japani, Uingereza na Uholanzi zina mvua tele na bado zinaingiza maji pepe mengi kuliko yanayotoka. Australia, bara kavu, ni mwuzaji mkubwa. Ndani ya China, kaskazini yenye uhaba huilisha kusini yenye mito, kwa sababu kaskazini kuna ardhi tambarare ya nafaka na kusini kuna viwanda vinavyoigombania ardhi. Kisha taifa hilohilo limejenga mifereji mikubwa ya kupeleka maji halisi kutoka kusini kwenda kaskazini. Njia ya kati ilianza kufanya kazi mwaka 2014. Ardhi, mtaji, ruzuku, barabara na ushuru huelekeza meli za chakula kwa nguvu zaidi kuliko maji, kwa sababu maji kwa mkulima mara nyingi ni bure au karibu na bure. Nchini India, katika jimbo la Punjab, umeme wa pampu za wakulima umetolewa bure kwa miaka mingi, na mpunga unastawi huku maji ya ardhini yakizidi kushuka. Bei ya mchele huo bandarini haina hata senti moja ya maji hayo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na Carole Dalin na wenzake ulipima hasa hili: takriban asilimia 11 ya maji ya ardhini yasiyojirudisha yanayotumika kumwagilia huishia katika chakula kinachouzwa nje, na theluthi mbili ya kiasi hicho hutoka Pakistan, Marekani na India. Upande wa Marekani yumo Ogallala, mwamba wa maji unaolala chini ya majimbo manane, ambao sehemu zake za kusini zimeshuka sana. Katika bonde la Ica nchini Peru, jangwa linalotoa asparaga za kula Ulaya na Marekani, visima huchimbwa virefu zaidi kufuata maji yanayokimbia, na wenye mashamba madogo hawana fedha za kuyafuata.

Kwa hiyo tani mbili za mchele au ngano zenye bei ileile, zenye lita zilezile, zinaweza kuwa bidhaa mbili tofauti: moja imetokana na mvua itakayorudi mwakani, nyingine na akiba inayoisha.

Ukiniuliza nichague

Nafaka ya kumwagiliwa kwa maji ya kale ningeiacha, bila kusubiri mwamba useme. Ningeiagiza, na ningeanza kutoka nchi zinazoilima kwa mvua. Nafaka ya mvua ya ndani ningeilinda hata kama tani yake ni ghali kidogo kuliko ya bandarini, kwa sababu ghali hiyo ni bima ya nchi. Maji ya mto yanayojirudisha ningeyapa kwanza watu, kisha mazao yanayolipa zaidi kwa kila tone. Maji ya kilo moja ya ngano huzalisha kwa wastani zaidi ya kilo 8 za nyanya, na fedha ya mboga na matunda inaweza kununua ngano. Lakini tu pale ambapo kisima kina kikomo. Bila hicho, tutakuwa tumejenga Ica nyingine.

Nyama inahitaji jicho la pekee. Kilo ya ng'ombe hukadiriwa kuwa na lita zaidi ya 15,000, na wengi huishia hapo na kuhukumu. Kwa wastani wa dunia zaidi ya asilimia 90 ya maji hayo ni mvua, sehemu kubwa ikiwa ya malisho ambayo mara nyingi hayawezi kulimwa kitu kingine. Mfugaji wa nyanda kavu anayefuata nyasi hachukui tone la mtu. Ng'ombe wa alfalfa ya jangwani, kilo kwa kilo, ni mnyama mwingine kwa hesabu ya maji. Ningeagiza maziwa ya unga kabla ya kumwagilia majani hayo.

Ukishachagua kuagiza, uamuzi unaobaki ni wa kujikinga, na huo hugharimu fedha zinazopaswa kuhesabiwa tangu mwanzo: ghala la miezi kadhaa, wauzaji wa mabara tofauti, mikataba ya muda mrefu badala ya kununua kwa pupa bei zikipanda. Singapore, isiyo na mashamba ya kusemea, huwalazimisha waagizaji wa mchele kuweka akiba ghalani kama sharti la leseni. Nchi isiyo na fedha za kigeni za uhakika isijidanganye kwamba njia hii iko wazi kwake kwa kiwango kilekile. Kwake yeye, kila mita ya ujazo ya mvua inayovunwa shambani kwa matuta, matandazo na mabwawa madogo hupunguza idadi ya meli za kulipia, na kazi hiyo inaweza kuanza kabla ya msimu ujao.